Ibn Sina na Kipimo cha Afyuni

Jina la Ibn Sina halikosi kwenye mabango yetu ya wiki ya Uislamu. Ila kisa cha mwisho wa maisha yake ni nadra kutajwa, nami ningependa wakijue wenzangu wanaopeana vidonge vya usingizi mabwenini kila mitihani inapokaribia.

Abu Ali al-Husayn bin Sina alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Alipofika miaka 10 alikuwa amehifadhi Qur'ani. Kabla ya kutimiza 20 aliitwa kumtibu mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, na alichoomba ni ruhusa ya kusoma katika maktaba ya mtawala huyo. (Maktaba yetu iko wazi hadi usiku, na viti vitupu.) Amesimulia mwenyewe kwamba usingizi ukimzidi alikunywa kikombe cha mvinyo ili aendelee kusoma. Wengi wetu hulificha hilo. Mimi naona tulitaje, na tusimfuate.

Baadaye alihama mji hadi mji. Huko Hamadan alimtibu amiri Shams al-Dawla maradhi ya msokoto wa tumbo, akafanywa waziri. Baada ya amiri kufa, akatiwa gerezani. Katika misukosuko hiyo ndipo alipokamilisha al-Qanun fi al-Tibb, kitabu cha juzuu 5.

Humo anaeleza kwamba maumivu hutulizwa kwa njia kadhaa, na iliyo bora ni kuondoa sababu yake. Dawa za kutia ganzi, kama afyuni na mbegu za saladi, huondoa hisia tu. Ugonjwa hubaki pale pale. Yenye nguvu kuliko zote ni afyuni, na ikizidi huua. Leo tunajua namna inavyoua: mofini iliyomo ndani yake hudhoofisha sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Vidonge vya wasiwasi kama diazepamu hupita njia nyingine. Huipa nguvu kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo hupunguza kasi ya mishipa ya fahamu. Lakini vikichanganywa na dawa za jamii ya afyuni, au na pombe, pumzi inaweza kukatika. Na aliyevizoea kwa muda mrefu akiviacha ghafla, wasiwasi humrudia kwa nguvu, hata kifafa humpata.

Msokoto wa tumbo ulimjia Ibn Sina mwenyewe alipokuwa akimtumikia Ala al-Dawla wa Isfahan. Kwa haraka ya kupona ili asiachwe na msafara wa jeshi, alijitia dawa ya kusafisha matumbo mara 8 kwa siku moja, hadi utumbo ukafanya vidonda. Kifafa kikafuata. Mwanafunzi wake al-Juzjani, aliyekaa naye takriban miaka 25, anasimulia kwamba watumishi waliokuwa wamemwibia mali waliogopa akipona atawaadhibu, wakaongeza afyuni nyingi katika dawa yake. Akaila.

Hakufa siku ile, ila hakupata tena afya yake. Njiani kwenda Hamadan maradhi yalirudi. Alipoona mwili umeshindwa, akaacha kujitibu. Inasimuliwa kwamba alitubu, akatoa sadaka na kuwaacha huru watumwa wake. Akafa Ramadhani ya mwaka 428 Hijria, yaani 1037, akazikwa Hamadan.