Udi uliofichwa: maisha ya Abdullahi Qarshe

Ukimtaja Abdullahi Qarshe mbele ya Msomali yeyote wa makamo, awe yuko Garissa, Eastleigh au London, utaona uso wake umekunjuka. Ukimtaja mbele yetu sisi Waswahili, wengi wetu tutauliza ni nani. Na hilo ni ajabu, kwani marehemu huyo, ambaye Wasomali humwita baba wa muziki wao, alizaliwa kwetu. Alizaliwa Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, mwaka wa 1924, Tanganyika ikiwa mikononi mwa Waingereza.

Mimi mwenyewe, niliyekula chumvi kiasi na kujidai mjuzi wa nyimbo za pwani, sikuwa na habari zake mpaka nilipofika Hagadera.

Hagadera ni mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, katika kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa mwaka wa 1992, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mjini Mogadishu mnamo Januari 1991 na watu kuvuka mpaka kwa maelfu. Kambi tatu za mwanzo, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka wa njaa, 2011, Dadaab nzima ilikuwa imebeba watu zaidi ya 400,000. Ukiingia soko la Hagadera utadhani uko Kongowea, ila badala ya matope yetu ni mchanga mwekundu unaoingia mpaka ndani ya chai. Nilikwenda huko na wenzangu kwa shughuli za gazeti, habari za shule, si za nyimbo hata kidogo. Basi nikiwa nimeketi kwa fundi cherehani nikingoja gari, nikasikia nyuma ya ua wa miti sauti ya udi.

Nilibisha hodi. Aliyekuwa akipiga alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, ndevu zimetiwa hina, na udi wake umetiwa gundi mahali pawili. Kwetu tuliozoea wapigaji wa taarabu, udi huchezwa kwa unyoya wa tai. Yeye alikuwa akitumia kipande cha plastiki alichokikata kwenye dumu la mafuta ya msaada. Nikamtolea salamu, akaitikia kwa Kiswahili kizuri cha Garissa, akaniitisha chai. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele.

Mzee huyo hakuanza na udi. Katika ujana wake alivaa sare na kupiga tarumbeta katika mojawapo ya bendi za vikosi mjini Mogadishu. Wakati huo kila kikosi kilikuwa na watu wake wa muziki. Jeshi lilikuwa na Horseed, polisi walikuwa na Heegan, na nyimbo zao zilishindana redioni kama timu za mpira. Nilipomwuliza habari za walimu wake, alinyosha vidole viwili. Wa kwanza, akanieleza, alikuwa na fimbo. Aliwasomesha noti za Kizungu ubaoni mchana kutwa kwa vijana ambao wengine hawakuwa wamepata kushika kalamu, na kila aliyekosea alichapwa kidole kilichobonyeza pahali pasipo. Miezi ikapita, wakawa wanaweza kupiga kile kilichoandikwa, lakini karatasi ikipeperuka, muziki nao umekwisha. Wa pili alipokuja aliwaambia waziweke tarumbeta chini. Hawakuzigusa kwa muda wa mwezi. Ikawa kazi ni kuimba tu, kila mtu aimbe nyimbo za kwao, za ngamia, za kisima, za kumliwaza mtoto, na baada ya hapo ndipo wazitafute zile sauti ndani ya shaba.

Nilimwelewa haraka, maana mimi ni mtoto wa chuo. Mwalimu wetu wa Kurani, Mungu amrehemu, alikuwa mkali, lakini alikuwa na desturi moja: alisoma yeye kwanza, nasi tukafuata. Sauti ilitangulia herufi. Leo, nikiwa na miaka hamsini na zaidi, naweza kusahau nimeweka wapi miwani, lakini sura nilizopokea kwa njia ile hazijanitoka.

Nikamwuliza na udi je, alifunzwa na nani? Akacheka. Akasema alifunzwa na redio, na aliyekuwa ndani ya redio ni Qarshe. Hapo ndipo nikaona haya kuwa simjui, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta habari zake. Nazo ni hizi.

Baba yake alifariki yeye angali mdogo, na mwaka wa 1931, akiwa na miaka saba, akahamishiwa Aden. Mtoto aliyetoka Moshi penye migomba na baridi ya asubuhi akajikuta katika bandari ya joto na mawe meusi, penye meli za kila taifa. Aden ya miaka hiyo ilikuwa na muziki wa kila aina. Waarabu walikuwa na nyimbo zao, Wahindi walikuwa na zao, na Waingereza vilevile. Kijana Abdullahi akawa na swali moja lisilomwacha alale: mbona watu wote hawa wana nyimbo zinazopigwa kwa ala, nasi Wasomali hatuna?

Msomaji asidhani kuwa Wasomali walikuwa hawana tungo. La hasha! Sijui taifa katika Afrika Mashariki linaloheshimu ushairi kuliko wao, na nasema hivyo nikiwa mshairi wa Kiswahili. Sayyid Mohamed Abdille Hassan, aliyepigana na Waingereza kwa miaka ishirini mpaka kufa kwake mwaka wa 1920, aliogopwa kwa mashairi yake kama alivyoogopwa kwa bunduki zake. Lakini mashairi hayo yalighaniwa kwa sauti tupu, bila chombo. Chombo kilihesabiwa kuwa kitu cha upuuzi, na mtu wa heshima hakukaribia.

Qarshe akanunua udi. Alinunua hali hajui hata kuushika. Kwa kuwa alilelewa katika watu wa dini, akauficha. Wasomali huuita udi kaban, na hiyo kaban ilikaa mafichoni kama mali ya wizi. Katikati ya miaka ya 1940 aliporejea katika nchi ya wazee wake, mjini Hargeisa, Somalia ya Waingereza, alikwenda nayo.

Alifika wakati mwema. Miaka hiyohiyo, kati ya 1943 na 1945, dereva mmoja wa lori, Abdi Deeqsi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdi Sinimo, alikuwa ameanzisha namna mpya ya wimbo, mfupi, wa mapenzi, unaoitwa belwo. Yasimuliwa kuwa ulimjia lori lake lilipoharibika njiani. Vijana waliupokea kwa makofi na kwa kupiga madebe matupu. Mashehe walikasirika, na wazee wa ushairi mkubwa nao wakaudharau, lakini wimbo ukashika njia kama lori lililotengenezwa, toka mji hadi mji. Kilichokosekana ni chombo cha kuutia mahadhi.

Na hapa ndipo penye shida aliyoikuta Qarshe, nami ningependa tukae hapa kidogo. Udi ulikuwa wa Kiarabu, na waliojua kuufundisha walifundisha Kiarabu. Muziki wa Kiarabu huenda kwa sauti saba, na kati ya sauti na sauti mna nyingine nyembamba ambazo kinanda cha Mzungu hakizijui. Wimbo wa Kisomali huenda kwa sauti tano tu. Mwanafunzi mtiifu angejifunza alichopewa, akawa Mwarabu wa kuazima, akapiga harusi na kula biriani. Qarshe alichukua mkono wa mwalimu akaacha wimbo wake. Bahati nzuri ni kwamba udi hauna vyuma shingoni vya kugawa sauti kama gitaa. Kidole huenda pale sikio linapotaka. Akazitafuta zile sauti tano za mama zake palepale walipopita Waarabu, akazipata. Baadaye aliongeza na vyombo vingine, gitaa na kinanda vikiwamo, lakini udi ndio uliokuwa nyumba yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 nyimbo zake za kuwaamsha watu zikaanza kusikika, nazo zilikuwa nyimbo za uhuru zaidi kuliko za mapenzi. Hargeisa ilikuwa na redio ndogo tangu 1943, ikiitwa Radio Kudu, iliyokuja kuwa Radio Hargeisa, na ndiyo iliyombeba. Mwaka wa 1955 akawa miongoni mwa walioasisi kundi la Walaalo Hargeisa, maana yake ndugu wa Hargeisa, wakawa wakitoa michezo ya kuigiza na nyimbo. Ulikuwa mwaka wa uchungu, kwani Waingereza walikuwa wamewakabidhi Wahabeshi malisho ya Haud bila kuwauliza wenye ngamia. Watu walikuwa na la kusema, na kundi lile likawa kinywa chao. Patrice Lumumba alipouawa huko Kongo Januari 1961, Qarshe alimtungia wimbo, na Wasomali ambao hawakupata kuiona Kongo hata kwenye ramani waliulilia.

Turudi kwa mzee wangu wa Hagadera na tarumbeta lake. Somalia ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1960, ilichukua wimbo wa taifa uliotungwa na Mwitalia, Giuseppe Blanc, mtu yuleyule aliyetunga muziki wa wimbo wa chama cha Mussolini. Wimbo huo haukuwa na maneno. Bendi za vikosi ziliupiga kwa miaka thelathini. Mzee aliniambia aliupiga mara asizoweza kuzihesabu, kwenye viwanja vya ndege, mbele ya marais, kwenye gwaride, na hakupata kumwona mtu hata mmoja akifungua mdomo kuuimba. Walisimama wima tu, wakangoja uishe. Usiku akirudi kambini alikuwa akiazima udi wa mwenzake na kutafuta nyimbo za Qarshe kidogo kidogo, kama alivyozisikia redioni. Kati ya hizo ulikuwamo ule unaosifu bendera, Qolobaa Calankeed.

Alimwona Qarshe kwa macho akiwa mbali, katika umati, pale Nyumba ya Michezo ya Taifa ambayo Wachina waliwajengea Wasomali mwaka wa 1967. Hakuthubutu kumsogelea. Mpaka leo lamuuma.

Mwisho wa maisha ya Qarshe ulikuwa mzito. Mwaka wa 1988 ndege za serikali yao wenyewe ziliushambulia mji wa Hargeisa kwa mabomu, na mji ukawa magofu. Wafanyakazi wa redio na wapenzi wa nyimbo walizikusanya kanda, nyingine wakazifukia ardhini, nyingine zikatoroshwa hadi Djibouti na Ethiopia, na hivyo zikaokoka. Mtu aliyeuficha udi wake katika ujana wake alikuja kuona nchi nzima ikificha nyimbo. Alifariki London mwaka wa 1994. Tarehe 1 Agosti 2012, miaka kumi na minane akiwa kaburini, Somalia iliufanya Qolobaa Calankeed wimbo wake wa taifa. Mzee alizisikia habari hizo hapo Hagadera, kwenye redio ya jirani. Tarumbeta lilikuwa limebaki Mogadishu tangu 1991.

Nilipokuwa nikimsikiliza nilikuwa na langu moyoni. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, mjini kwetu, nilitaka sana udi. Nilimwaga baba kuwa nakwenda darsa, nikaenda kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na sifa. Kila Ijumaa alipokea shilingi zangu, akapiga yeye, nami nikatazama. Udi hakunipa. Siku niliyothubutu kuunyosha mkono alinipiga konzi ya vidole mbele ya wenziwe, wakacheka wote. Sikurudi. Nikashika mashairi, ambayo hayahitaji mtu kuazima chombo, nikajiambia kuwa ndiyo niliyokuwa nikiyataka siku zote. Niliamini hivyo kwa miaka arobaini.

Mzee anaye mwanafunzi mmoja, mjukuu wake wa kike wa miaka kumi na miwili. Humfunza ndani, mlango umefungwa, kwani kambini wako wasiopenda kusikia nyuzi, sembuse nyuzi mkononi mwa mtoto wa kike. Ndiyo sababu jina nimelificha. Aliitwa, akaja, akaketi mkekani akaimba kwanza, mikono magotini, mpaka babu yake alipotikisa kichwa. Hapo ndipo akapewa udi. Vidole vyake havifiki vizuri upande wa pili wa shingo, lakini alizipata zile sauti, moja baada ya moja, akaguna alipokosa na kurudia mwenyewe bila kuambiwa.

Kisha mzee akautoa udi mapajani mwa mtoto akauweka mapajani mwangu, akanitaka niimbe kitu cha kwetu. Nje dereva alikuwa akipiga honi, maana magari ya Garissa yalitakiwa kuondoka kabla ya jua kushuka. Niliimba beti mbili za wimbo ambao bibi yangu alikuwa akimwimbia kitinda mimba. Mtoto akanipa kile kipande cha dumu, akanionyesha namna ya kukishika.