George Mukabi: Nguli wa gitaa aliyepiga ngoma kwa vidole viwili

MSAFIRI aliyetoka Butere kwenda Nairobi katika miaka ya 1950 aliteremka kwa gari moshi hadi Kisumu, akapita Kibos, Miwani na Muhoroni penye mashamba ya miwa, ndipo injini ikaanza kuipanda milima ya kuelekea Nakuru. Vijana wa Uluhyani waliofuata njia hiyo kutafuta ajira hawakuwa na mizigo mingi. Baadhi yao walibeba gitaa, na kwa wapiga gitaa wa kizazi hicho, kipimo cha ustadi kilikuwa mtu mmoja: George Mukabi.

Mukabi alitoka Kisa, jirani na Butere, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Kakamega. Mtindo aliouvumisha uliitwa omutibo. Haukuhitaji bendi wala umeme. Ulihitaji gitaa moja la mbao, sauti, na chupa ya soda.

Waliomsikia redioni bila kumwona wangeweza kudhani kwamba wanaopiga ni watu wawili. Siri ilikuwa katika mkono wake wa kulia. Kidole gumba kilishughulikia nyuzi nene, kikienda mbele na nyuma kutoka uzi huu hadi ule bila kubadili mwendo. Kidole cha shahada kilichagua nyuzi nyembamba na kuangusha sauti zake katika nafasi zilizoachwa na gumba. Kila kimoja, kikitazamwa peke yake, hakikuwa na haraka ya ajabu. Iwapo gumba litagonga mara tatu kwa sekunde, na shahada mara tatu katikati ya mapigo hayo, sikio litahesabu sita. Kasi hiyo haikutokana na nguvu bali na kugawana kazi.

Mpiga ngoma yeyote anaijua kanuni hiyo. Mikono ikipokezana, kila mmoja hupata muda wa kupumzika wakati mwenzake anapiga, na anayekaza misuli huchoka kabla ya wimbo kufika katikati. Mukabi hakulazimika kwenda mbali kuijua. Uluhyani kuna sukuti, ngoma tatu za mikono, kubwa, ya wastani na ndogo, ambazo asili yake ni Waisukha na Waidakho, na ambazo UNESCO iliziingiza mwaka wa 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Kila ngoma ina pigo lake, na mdundo unaowainua watu vitini hauchezwi na yoyote kati ya hizo peke yake. Msikilizaji wa omutibo hawezi kukosa kuona udugu huo: gitaa la Mukabi linasikika kama sukuti iliyofungwa nyuzi.

Chupa nayo haikuwa pambo. Msaidizi aliishika chupa ya Fanta yenye migongo, akaigonga na kuikwaruza kwa kipande cha chuma, na mlio huo mkali ukawa saa ya wimbo. Mpiga gitaa aliyeteleza hata kidogo aliumbuliwa na chupa papo hapo. Ni wachache leo wanaokumbuka kuwa kazi hiyo, inayoonekana ya mchezo, ilitaka mkono mtulivu kuliko wote.

Wakati huo huo Kenya ilikuwa ikimsikiliza Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye wimbo wake Masanga ulirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952, na ambaye baadaye alifika Nairobi na kupokewa kwa shangwe. Wengi walimwiga mgeni huyo. Mukabi naye alipiga kwa vidole, ila mdundo wake ulibaki wa nyumbani, na hilo ndilo lililomtofautisha. Aliimba kwa Kiswahili, hasa mambo ya mapenzi na ndoa, na kwa sababu hiyo wimbo wake Sengula ulivuka mipaka ya Uluhyani na kuimbwa na watu ambao hawakujua Kisa iko upande gani.

Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha. Mwaka wa 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilijipatia uhuru, Mukabi aliuawa katika ugomvi wa kifamilia uliohusisha upande wa wakwe zake. Mwimbaji wa ndoa alikufa kwa sababu ya ndoa, akiwa mtu wa miaka thelathini na kitu tu.

Muda haukumsubiri. Magitaa ya umeme yalikwisha kuingia Nairobi, Daudi Kabaka na John Nzenze wakavuma na twisti, na kando ya Ziwa Victoria benga ikazaliwa, ikiwa na gitaa linalodonoa uzi mmoja mmoja kwa kasi. Kazi aliyoifanya mtu mmoja kwa vidole viwili sasa iligawiwa watu watatu au wanne: mpiga solo, mpiga besi, mpiga ridhimu na mpiga ngoma.

Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, alishika gitaa na kuendeleza omutibo. Katika miaka ya 2010 kampuni ya Olvido ya Marekani ilizikusanya rekodi za baba na kuzitoa upya kwa jina Furaha Wenye Gita.