James Joule, mpika bia aliyejua mbona betri yako inakufa

Tuseme ni Julai, usiku, uko Limuru ndani ya gari unangoja abiria. Injini umezima, petroli si bei ya kuchezea. Umechomeka kale kahita kadogo kwenye tundu la kuwashia sigara, unasikia poa. Ngoja basi nikwambie kuhusu James Prescott Joule.

Huyu jamaa alizaliwa Desemba 24, 1818, Salford, kando ya Manchester, Uingereza. Babake alikuwa na kiwanda cha bia. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi (sisi tulioacha chuo tunampendea hilo). Alifunzwa na John Dalton, yule wa atomu, halafu akawa anagawa siku zake kati ya bia na majaribio ya stima.

Ndoto yake ilikuwa kuondoa mashine za mvuke na kuweka mota za betri. Akapiga hesabu. Zinki iliyoliwa ndani ya betri za enzi hizo ilikuwa ghali kuliko makaa ya mawe kwa kazi ileile, tena ghali mno. Ndoto ikafa, na aliyeiua ni yeye mwenyewe kwa kalamu yake. Wengi wetu tungeificha hiyo karatasi.

Mwaka wa 1840, akiwa na miaka 21, alionyesha kwamba ukiongeza mkondo wa stima kwenye waya mara mbili, joto linapanda mara nne. Hita yako ni huo waya tu. Ukiuziwa hita "inayokula stima kidogo", jua umeuziwa joto kidogo.

Sasa piga hesabu yako. Betri ya volti 12 na ampea-saa 60 imebeba kama wati-saa 720. Hita ya wati 150 ingeikausha kwa saa tano hivi, lakini betri ya kuwashia gari haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hivyo hesabu saa mbili, tena kama betri ni mpya. Ya wati 1,500? Fyuzi itaungua kwanza.

Ukiwasha injini, hita ya gari lenyewe inatumia joto ambalo injini ingelitupa tu. Lakini usithubutu ndani ya gereji iliyofungwa, ule moshi unaua. Ama beba betri ya pembeni, uiache ile ya gari ipumzike, na uitumie kwa mkeka wa kiti wa wati 50 hivi. Huo unakupasha wewe, si hewa yote ya gari.

Turudi kwa Joule. Mwaka wa 1843 alieleza wanasayansi huko Cork, Ireland, kwamba kazi na joto ni kitu kimoja kinachobadilika sura. Wakanyamaza tu. Akaendelea kupima, miaka na miaka, hadi wakamsikia. Leo nishati inapimwa kwa jouli, jina lake. Alifariki 1889 mjini Sale, na kwenye kaburi lake wameandika 772.55, kipimo chake cha kazi inayohitajika kupasha maji.