Freddie Mercury alivyopata okestra yake miaka 21 baada ya kifo

Wengi tunamjua Freddie Mercury wa Queen, yule wa masharubu na maiki yenye nusu fimbo. Wachache wanajua kuna albamu yake ambayo okestra kamili iliingia mwaka 2012. Yeye alifariki 1991.

Tuanze nyumbani. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake ni Waparsi kutoka India, baba alikuwa keshia serikalini. Alipofika miaka minane hivi wakampeleka shule ya bweni Panchgani, India, na huko akajifunza piano. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Feltham, nje kidogo ya London.

Queen ikaanza 1970. Miaka mitano baadaye ikatoka Bohemian Rhapsody, wimbo wa roki wenye opera katikati. Ile kwaya kubwa unayoisikia? Ni watu watatu tu, Freddie, Brian May na Roger Taylor, wakirekodi sauti zao juu ya sauti, tena na tena.

Oktoba 1979 akapanda jukwaani London na wacheza baleti wa Royal Ballet. Nyimbo za Queen zilipigwa kwa mtindo wa okestra, na jamaa aliimba laivu huku wakimbeba kichwa chini miguu juu. Si mchezo.

Machi 1987 akakutana na Montserrat Caballé, malkia wa opera wa Hispania, aliyekuwa akimhusudu kwa miaka. Wakakubaliana kutengeneza albamu. Mwaka huohuo Freddie akagundulika ana virusi vya Ukimwi. Mashabiki hawakuambiwa. Yeye akaendelea na studio.

Albamu hiyo, Barcelona, ilitoka 1988. Sauti zao ni za kutisha, ila sehemu kubwa ya muziki nyuma yao ni vinanda vya umeme vya Mike Moran. Kwa masikio yangu, ni kama bi harusi aliyevaa gauni zuri na ndala. Oktoba 8, 1988 waliuonyesha muziki huo jijini Barcelona, lakini walifuatisha midomo tu juu ya rekodi. Freddie hakupanda tena jukwaani kuimba.

Novemba 23, 1991 alitangaza kwamba anaumwa Ukimwi. Kesho yake akafariki, ana miaka 45.

Aprili 1992 wenzake wa Queen wakajaza uwanja wa Wembley na kuwapa nyimbo zake waimbaji wageni, akiwemo George Michael, Annie Lennox na David Bowie. Lakini Barcelona ilisubiri miaka mingine 20. Stuart Morley akaandika upya muziki wote kwa ajili ya okestra, wanamuziki wa Prague wakaupiga, na David Garrett akaongeza fidla. Sauti za Freddie na Caballé zikabaki.

Una hedifoni? Anza na Barcelona ya 1988, kisha weka ya 2012.