Seyyid Barghash: Fundisho kwa Wenye Kuleta Mageuzi

Wahitimu wenzangu, na nyinyi wadogo zetu mliomo madarasani hivi sasa,

Nimetakiwa niandike juu ya kuongoza mageuzi katika taasisi. Nimeona bora nieleze maisha ya mtu tuliyemsoma sote katika historia: Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888.

Barghash alianza kwa pupa. Mwaka 1859, miaka mitatu baada ya kufa baba yao Seyyid Said, alimwasi kaka yake, Seyyid Majid. Alikuwa na wafuasi, akajifungia nao katika nyumba ya shamba la Marseilles, Unguja. Wanamaji wa Kiingereza wakamsaidia Majid, uasi ukavunjika, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa muda wa miaka miwili hivi.

Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akakalia kiti. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba iliokoka kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho chimbuko kubwa la karafuu.

Mwaka uliofuata Waingereza walimtaka apige marufuku biashara ya watumwa. Kwanza alikataa. Balozi wao mdogo, John Kirk, alipomtishia kwa manowari, alitia saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Biashara ile ilikuwa dhuluma, na kufungwa kwake kulikuwa haki. Lakini saini haikutosha. Wenye mashamba walitaka mikono ya kuchuma karafuu, na hakuna aliyewatayarishia njia nyengine ya kupata wachumaji. Majahazi yakaendelea kuleta watu Pemba kwa siri. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa Jeshi la Majini la Uingereza aliuawa karibu na kisiwa hiki alipotaka kukagua jahazi moja. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897, Barghash akiwa kaburini.

Tazameni sasa kazi yake nyengine. Alivuta maji safi ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini. Hapo hapakuhitajika manowari: mtu alifungua maji, akajaza mtungi, akaamini. Mwaka 1877 alimweka Lloyd Mathews kufundisha jeshi jipya, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib.

Nilipokabidhiwa kitengo katika ofisi moja hapa Pemba, nilifanya kosa la saini. Nilitoa waraka kwamba daftari la zamani la masjala lisitumike tena, na kila ombi lijazwe katika fomu mpya. Baada ya miezi kadhaa nikagundua kuwa lile daftari bado linaandikwa chini ya meza. Nilihamaki. Kisha nikamwita karani mmoja mtu mzima, nikamuuliza sababu. Alinieleza kwa adabu kwamba fomu yangu ilihitaji saini ya mkuu, na mkuu huwa ziarani vijijini. Wazee waliotoka mbali walikuwa wakikaa kibarazani hadi adhuhuri, wakirudi mikono mitupu. Kumbe daftari lile ndilo lililokuwa likiwasaidia. Tukakaa naye, tukaiondoa ile saini, na daftari likajifia lenyewe.

Barghash hakumaliza vizuri. Alishika kila kitu mkononi mwake, na nguvu yake ilitegemea sana urafiki wa Kirk. Wajerumani walipoitaka bara, urafiki ule haukumfaa: mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia ukanda wa pwani wa maili kumi tu pamoja na visiwa. Alifariki Machi 1888, na miaka miwili baadaye Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Wadogo zangu, kesho nyinyi ndio mtakaokalia viti hivi. Kabla ya kutia saini waraka, muulizeni anayeshika kalamu kila siku nini kitamkwama. Jengeni wenzenu watakaoiendeleza kazi mkiondoka. Na mageuzi yenu, kadiri inavyowezekana, yawe kama yale maji ya mjini: mtu ayaonje kwanza.

Nakutakieni nyote mkutano mwema.