Malkia Hetepheres: Mamake Khufu aliyeacha jeneza tupu

WENGI wanaozuru Giza, viungani mwa jiji la Cairo, huvutiwa na piramidi kuu ya Farao Khufu. Mashariki mwake zipo piramidi tatu ndogo zilizojengewa malkia. Iliyo kaskazini zaidi hunasibishwa na Hetepheres, mamake mzazi Khufu.

Hetepheres aliishi takriban miaka 4,600 iliyopita. Alikuwa mke wa Sneferu, mwasisi wa nasaba ya nne ya mafarao, aliyejenga piramidi mbili kubwa huko Dahshur. Sneferu alipofariki, Khufu alirithi kiti cha enzi naye Hetepheres akatukuzwa kama mama wa mfalme. Aidha, alipewa lakabu ya binti wa mungu, na kwa sababu hiyo baadhi ya wataalamu huamini kuwa babake pia alikuwa farao.

Kwa karne nyingi habari zake hazikujulikana. Mnamo 1925, mpigapicha wa kikundi cha wanaakiolojia kilichoongozwa na Mmarekani George Reisner alikuwa akisimamisha kamera karibu na piramidi hizo, mguu wa stendi ukagonga plasta. Chini yake palikuwa na shimo lenye kina cha zaidi ya mita 25.

Ndani yake mlikuwa na kitanda, viti, machela ya kumbebea malkia na bangili za fedha zilizopambwa kwa vito vyenye umbo la vipepeo. Mbao zilikuwa zimeoza, lakini mabamba ya dhahabu yaliyozifunika yalisalia. Kila kipande kilinakiliwa kilipolala, na hatimaye samani hizo zikaundwa upya.

Jeneza la alabasta lilipofunguliwa mnamo 1927, halikuwa na maiti.

Reisner alishikilia kuwa malkia alizikwa kwanza Dahshur, wezi wakauiba mwili wake, na mali iliyobaki ikahamishiwa Giza kwa siri. Hata hivyo, kaburi lake halijawahi kupatikana Dahshur. Mnamo 1985, Mark Lehner alipendekeza kuwa shimo hilo ndilo lililokuwa kaburi la awali, kisha mwili ukahamishiwa piramidi ilipokamilika.

Ikiwa ndivyo, hadhi aliyoongezewa ndiyo iliyomponza. Piramidi, iliyoonekana kutoka mbali, iliporwa zamani ikabaki mawe matupu. Shimo lisilo na alama lilitunza mali ya malkia pamoja na jina lake.