Célestin Freinet: mwalimu aliyekosa pumzi

Célestin Freinet alizaliwa mwaka wa 1896 katika kijiji cha Gars, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa angali anasomea ualimu huko Nice wakati vita vilimchukua. Mwaka wa 1917 risasi ikamuumiza mapafu.

Mwaka wa 1920 akapewa darasa huko Bar-sur-Loup. Ualimu aliojua ni ule wa zamani: mwalimu anasema, watoto wananyamaza, wananakili, wanakariri. Na kila anayesomea ualimu anajua ginsi inavyokuwa nguvu kutofundisha sawa vile ulifundishwa. Lakini Freinet pumzi ilikuwa inamuishia kabla somo kuisha. Mwingine angetafuta kazi ingine. Yeye akatoa watoto inje, wakatazama mafundi na mashamba, wakarudi kuandika walichoona. Mwaka wa 1924 akaanza kutumia mashini ndogo ya kuchapa. Maandishi ya watoto yakawa ndiyo kitabu cha kusomea, na mengine wakayatumia wanafunzi wa shule ya mbali.

Hayo hayakupendeza wote. Huko Saint-Paul, ugomvi na wakubwa wa mahali ulimutosha katika shule ya serikali. Mwaka wa 1935 akafungua yake huko Vence, na ndiko alifia mwaka wa 1966.